Waliofundwa Mlima wa Bugando

Mwanza kuna ubishi ambao haujawahi kuisha ndani ya daladala: Bugando ni ya nani? Mmoja atasema ni ya Wakatoliki, kwani wewe huwaoni masista? Mwenzake atajibu kwamba ni ya serikali, kwani mishahara inatoka wapi? Wa tatu, mara nyingi kijana, atasema ni ya chuo, maana kila akipeleka mgonjwa pale anazungukwa na makoti meupe ya wanafunzi. Wote watatu wana haki. Mimi niliingia pale mwaka 1979 kusomea uuguzi, nikabaki mpaka nilipostaafu, na kila nikisikia ubishi huo hunyamaza mpaka kituo changu kifike. Si kwamba sina jibu. Jibu langu ni refu kuliko safari ya kutoka mjini hadi Igoma.

Linaanza kabla ya hospitali yenyewe. Mimi ni Mkerewe, na kwetu anayetaka kujua watu wa ziwa walivyojitibu zamani humwendea Aniceti Kitereza wa Kagunguli, aliyeandika riwaya yake kwa Kikerewe katika miaka ya 1940 na kuisubiri hadi 1980 ndipo ikachapwa kwa Kiswahili. Katika riwaya hiyo, Bibi Bugonoka anarudishwa kwao kwa sababu ndoa haina mtoto. Bwana Myombekere anahangaika mpaka anamrudisha, kisha anamtafuta mganga. Humo dawa hazitajwi kwa kupita tu. Unaelezwa namna zinavyotafutwa, zinavyoandaliwa na zinavyotumiwa, na nani anakaa wapi mgonjwa anapotibiwa. Wanafunzi wangu wa ukunga niliwahimiza wakisome kitabu hicho. Wengi waliogopa unene wake, lakini waliokimaliza hawakuuliza tena kwa nini mwanamke asiye na mtoto hufika kliniki akiwa amesindikizwa na wifi.

Wamisionari waliotangulia huku walikuwa Mapadri Weupe, waliofika Bukumbi, kusini kidogo mwa Mwanza, mwaka 1883. Wajerumani walikuwa bado hawajaweka boma lao Mwanza. Hilo lilikuja 1892. Mapadri hao walikuwa na wazo moja ambalo mimi naona lilitangulia wakati wake. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliwachukua vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, akawapeleka Malta wakasomee udaktari. Mmoja wao, Adrian Atiman, mzaliwa wa kando ya mto Niger, alifika Karema kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na akatibu watu pale mpaka alipofariki 1956. Hesabu miaka hiyo mwenyewe. Lakini baada ya Atiman na wenzake wachache wazo hilo likalala. Misheni zikajenga zahanati, zikafundisha wakunga na wauguzi, na daktari akawa mtu anayekuja kwa meli kutoka Ulaya, kisha anarudi kwao.

Hospitali zilizochipuka ukanda huu hazikupangwa na mtu. Kila dhehebu lilijenga palipokuwa na kanisa lake. Wa Africa Inland walikuwa Kolondoto karibu na Shinyanga, Wamenoni Shirati upande wa Mara, Walutheri Ndolage huko Kagera, na Wakatoliki walikuwa na Rubya, Sumve na Sengerema. Hapa mjini serikali ilikuwa na hospitali yake, ambayo leo ndiyo Sekou Toure. Kulikuwa pia na watafiti, waliofika baada ya vita vya pili vya dunia kuchunguza matende, wakahamia kwenye kichocho. Kituo chao ndicho leo kiko chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa hiyo sehemu za kutibiwa hazikukosekana kabisa. Kilichokosekana ni kilele. Tabibu wa Shirati akishindwa, ilikuwa ashindwe tu, au mgonjwa apelekwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, kama ana nguvu na nauli ya kufika.

Na madaktari wa kuishika hospitali kubwa walikuwa wapi? Tulipopata uhuru mwaka 1961 Watanganyika waliokuwa madaktari kamili walikuwa 12. Nchi nzima. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, na mwaka huohuo yakaanza mafunzo ya madaktari wasaidizi, wale tuliowazoea kwa jina la AMO. Watu wa mjini huwadharau AMO. Sisi wa wodini tunajua kwamba kwa miaka mingi, mama aliyepasuliwa usiku wa manane katika wilaya yoyote ya nchi hii mara nyingi alipasuliwa na AMO.

Bugando ilibuniwa katika hali hiyo. Askofu wa Mwanza hadi 1965 alikuwa Joseph Blomjous, Mholanzi wa Mapadri Weupe, mtu wa mipango mikubwa; ndiye aliyeanzisha chuo cha Nyegezi mwaka 1960, ambacho baadaye kilizaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Akafuatiwa na Askofu Renatus Butibubage, mzalendo wa kwanza katika kiti hicho. Maaskofu Katoliki wa nchi nzima walijenga hospitali ya rufaa juu ya mlima wa Bugando, sehemu kubwa ya fedha ikitoka kwa Wakatoliki wa Ujerumani Magharibi. Ilifunguliwa mwaka 1971, mwaka uleule ambao Walutheri na wenzao walifungua hospitali ya KCMC kule Moshi.

Mahali palichaguliwa na mtu mwenye macho, au mwenye kiburi, sijui. Jengo lile la ghorofa nyingi linaonekana ukiwa bado majini. Sisi tuliokuja kwa meli kutoka Nansio, kisiwani kwetu, tuliliona kabla ya kuona watu wa bandarini. Ila mlima ni mlima: mgonjwa wa miguu na ndugu mwenye sufuria la uji wote wanapanda.

Mwaka uliofuata ufunguzi, 1972, serikali ikaichukua hospitali. Ni miaka mitano baada ya Azimio la Arusha, na hakuna aliyeshangaa sana. Nyumbani kwetu habari hiyo iliigawa familia. Baba, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, alisema hospitali ya watu lazima iwe ya watu. Baba mdogo, katekista, alisema waliojenga hawakuulizwa. Walikuwa wakila sahani moja na kubishana juu ya sahani hiyohiyo. Mimi nilikuwa mtoto, nikawa nangoja waondoke nimalize samaki.

Nilifika mlimani mwenyewe mwaka wa vita vya Kagera. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Idi Amin, ilidondosha mabomu Mwanza ikakosa shabaha, na waliokufa walikuwa swala wa kisiwa cha Saanane. Watu walicheka kwa woga. Baada ya vita hakuna aliyecheka. Kuanzia hapo hadi katikati ya miaka ya 1980 nchi nzima ilikosa kila kitu, kuanzia sabuni hadi dizeli, na muuguzi wa Tanzania, awe wa wilayani au wa hospitali ya rufaa, alikuwa fundi wa kufanya kitu kimoja kitumike mara kumi. Tuliosoma wakati ule tunajua kuchemsha sindano za kioo na kuosha glovu, kuzianika, kuzipaka poda na kuzipanga kwa saizi. Mpaka leo siwezi kutupa glovu bila kuiangalia mara mbili.

Lakini kitu ninachotaka kijana wa daladala akijue ni njia. Hospitali ya rufaa ni njia kabla ya kuwa jengo. Wagonjwa wa Bukoba walikuja usiku kwa MV Victoria na kufika alfajiri. Wa Tabora na Kigoma walikuja kwa treni; reli ilifika Mwanza 1928, na nadhani aliyeijenga alikuwa akifikiria pamba, hakujua atabeba watu wenye vidonda vya miezi. Wa Sengerema na Geita walisubiri pantoni Busisi, na kama pantoni ilikuwa ng'ambo, mama mwenye uchungu alisubiri pamoja na magunia. Kila mmoja alikuwa na karatasi mfukoni: barua ya rufaa. Nilizipenda barua zile. Nyingine ziliandikwa vizuri kama mtihani, dalili, dawa zilizotolewa, saa. Nyingine zilikuwa na mstari mmoja tu, ukajua kwamba aliyeandika yuko peke yake huko, hana wa kumuuliza, na amechoka.

Mwaka 1985, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aling'atuka, serikali iliirudisha hospitali kwa maaskofu. Haikuwarudishia mzigo wote. Kanisa likawa mwenye mali na msimamizi, serikali ikaendelea kulipa mishahara ya watumishi na kuitambua kama hospitali yake ya rufaa ya Kanda ya Ziwa na Magharibi. Mwaka 1992 makanisa na serikali wakawekeana mkataba wa jumla juu ya huduma za afya na elimu, lakini Bugando ilikuwa imeshauishi. Watu wa nje huona mpangilio huo ni wa ajabu. Mimi siuoni hivyo, maana familia nyingi za pwani ya ziwa zinaishi hivyohivyo: mtumbwi wa huyu, nyavu za yule, na samaki wanagawanywa.

Wodini, siku ile ya kurudishwa kwa kanisa, nilimaliza zamu yangu kama kawaida. Walioandika historia fupi za hospitali hutaja 1971, 1972 na 1985 kama nguzo tatu. Nawaheshimu, lakini mgonjwa hakuziona nguzo hizo. Kilichomgusa mgonjwa ni kama kulikuwa na daktari bingwa wiki ile au hakuwapo. Wengi waliokuja walikuwa wageni wa mkataba. Mkataba ulipoisha waliondoka na ujuzi wao. Watanzania walioletwa kutoka Muhimbili, wengine hawakupapenda Mwanza. Tulikuwa na jengo la rufaa ambalo akili zake zilikuwa za kupanga.

Katikati ya hayo ukaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na huko watu waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la nguo ya fasheni iliyovushwa mpakani kwa magendo. Miaka kumi baadaye wodi za magonjwa ya ndani, kila hospitali ya ukanda huu, zilikuwa zimejaa vijana wa umri wangu. Hapa naomba nitoe heshima mahali ambapo mlima wetu hauhusiki sana. Kati ya 1991 na 1994, vijijini mkoani Mwanza, watafiti wa Tanzania, wa shirika la AMREF na wa chuo cha tiba za kitropiki cha London walifanya jaribio katika jamii 12. Jamii 6 ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa, kaswende, kisonono na mengineyo, kwenye zahanati na vituo vya afya vilevile vya kawaida: watumishi wakafundishwa, dawa zikafikishwa bila kukatika. Maambukizi mapya ya virusi yakapungua kwa takriban asilimia 40 kulinganisha na jamii 6 nyingine. Matokeo yalichapishwa 1995, na dunia nzima ikalijua jina la Mwanza. Hakukuwa na mashine mpya wala jengo jipya. Alikuwapo tabibu wa kijijini aliyefundishwa vizuri na kabati lenye dawa.

Mei 21, 1996, MV Bukoba ikazama ikiwa karibu kufika Mwanza. Niliitwa kutoka nyumbani. Tulitandika vitanda vya ziada, tukachemsha maji, tukaandaa damu na blanketi. Waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Waliookolewa walikuwa mia moja na kidogo. Vitanda vingi tulivyotandika havikulaliwa. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile. Wengi wamelala kwenye makaburi ya Igoma na ndugu zao wanasoma magazeti.

Sasa nifike kwenye mwaka ambao mimi ningeuandika kwa wino mzito: 2003. Mwaka huo ndipo chuo cha udaktari kilipofunguliwa Bugando, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na wanafunzi wa kwanza wa udaktari walikuwa 10. Aliyekihangaikia sana alikuwa Padri Peter Le Jacq wa shirika la Maryknoll, Mmarekani ambaye ni daktari pia, aliyesomea Cornell huko New York na kufanya kazi wodini kwetu kabla ya hapo. Askofu Mkuu Anthony Mayala alikisimamia kwa moyo, na mkuu wa chuo alikuwa Profesa Jacob Mtabaji, mtu wa kauli ya taratibu. Cornell wakaleta walimu na familia ya Weill ikachangia, ndiyo maana kwa miaka kadhaa chuo kiliitwa Weill Bugando. Baadaye kikasimama kama chuo kikuu kamili, Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya na Tiba.

Angalia kinyume kilichopo hapo. Kule Marekani mara nyingi chuo kikuu ndicho kilichotangulia, kikajenga au kukumbatia hospitali ili wanafunzi wake wapate pa kujifunzia. Kwetu hospitali ilikaa zaidi ya miaka 30 ndipo ikazaa chuo, kwa sababu ilichoka kuomba madaktari kwa watu.

Wale 10 nawakumbuka wakiwa wamejipanga nyuma ya profesa wakati wa kupitia wagonjwa asubuhi, wasafi, Kiingereza kimenyooka, na bibi wa Kisukuma kutoka Magu yuko kitandani hajibu swali lolote. Profesa akanigeukia. Nikamwinamia bibi: "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akanishika mkono, akaanza kueleza tumbo lake tangu msimu wa kupanda mpunga. Nikawa natafsiri, lakini nusu ya nilichotafsiri hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa ng'ombe waliouzwa ili afike hapo. Mwanafunzi mmoja akaacha kuandika. Nilimwambia, "Andika na hilo, mwanangu. Bila kujua ng'ombe wamebaki wangapi, huwezi kujua kama atarudi kliniki." Kuanzia hapo wengine walikuwa wakinijia saa ya chai, niwafundishe salamu za Kisukuma na namna ya kuuliza kuhusu choo bila kumwaibisha mtu mzima. Kazi hiyo haikuwa kwenye mtaala wala kwenye mshahara wangu.

Wahitimu wa kwanza walitoka baada ya miaka mitano, na nyuma yao madarasa yakawa makubwa: madaktari, wafamasia, wauguzi wa shahada, watu wa maabara, kisha mabingwa. Nilianza kuona mabadiliko mahali nilipokuwa nimezoea kuangalia, kwenye barua za rufaa. Zilikuja kutoka Bukoba, Geita, Kahama, na chini yake kuna jina ninalolijua. Mpangilio wake ni ule waliofundishwa hapa. Mara nyingine kuna namba ya simu pembeni, na daktari wetu anampigia mwenzake waliyesoma pamoja, wanaulizana, na mgonjwa mwingine hahitaji hata kusafiri. Kama kuna kitu kinachoitwa mfumo wa hospitali wa kanda nzima, basi ndicho hicho. Huwezi kukipiga picha.

Leo Bugando ina vitanda zaidi ya 900 na inategemewa na mikoa minane: Mwanza, Geita, Simiyu, Mara, Kagera, Shinyanga, Tabora na Kigoma. Ni watu zaidi ya milioni 20. Magonjwa yamebadilika. Kichocho bado kipo, maana watoto bado wanaoga ziwani; selimundu ipo kwa wingi huku, na ina kliniki yake. Pikipiki zimeleta mifupa iliyovunjika kwa wingi kiasi kwamba madaktari wa upasuaji wa Bugando walianza kuandika makala za kitaalamu juu ya ajali za bodaboda zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mgonjwa wa saratani, ambaye zamani ilimbidi asafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya mionzi, anaipata mlimani. Na pale Busisi, tangu Juni 2025, kuna daraja la kilomita 3 juu ya maji. Gari la wagonjwa kutoka Sengerema linapita kwa dakika chache. Nilipanda basi kwenda Geita makusudi, niione njia ile bila pantoni. Abiria wenzangu walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikuwa nikiwahesabu akina mama kichwani.

Serikali nayo imejenga hospitali zake kubwa pembeni mwa ziwa, Chato na Musoma. Ya Musoma, pale Kwangwa, ilianza kujengwa tukiwa vijana ikakaa bila kukamilika kwa miongo kadhaa. Tuliokuwa tukipita tuliizoea kama tulivyozoea mawe. Sasa imekamilika na imepewa jina la Mwalimu Nyerere. Nimefurahi, na bado swali langu ni lilelile: nani atakaa humo mwaka wa kumi?

Mjukuu wa dada yangu yuko mwaka wa mwisho wa udaktari hapo mlimani, anasoma kwa mkopo wa bodi. Mwezi uliopita alikuja kula kwangu, akaniuliza, "Bibi, nikipangiwa Musoma niende, au nitafute nafasi Dar?" Nilimwambia aende, na aanze sasa kujifunza kusalimia kwa Kijita. Akacheka, akasema huko watu wote wanajua Kiswahili. Nikampakulia sato mwingine, nikamwambia hata yule bibi wa Magu alikijua.